Naomba ushauri: mashine ya pamoja au tiknesa peke yake kwa useremala wa nyumbani?

Seremala wa Jumamosi (mwenye uzi)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Mimi si fundi wa kulipwa. Hufanya useremala siku za mapumziko katika chumba cha mita tatu kwa nne, na kazi zangu ni rafu za vitabu, vigoda, masanduku na meza ndogo. Kwa miaka miwili nimetumia randa ya mkono, na naipenda, ila ubao mmoja wa mti mgumu hunimalizia asubuhi nzima, na nikija kupima naukuta mnene upande huu na mwembamba upande ule.

Nimefikia hatua ya kununua mashine na nimebaki na mbili kichwani. Ya kwanza ni mashine ya pamoja, yaani plena (ya kuranda uso na ukingo wa ubao) juu na tiknesa (ya kusawazisha unene wake) chini, yenye visu vya upana wa milimita 254. Ya pili ni tiknesa peke yake, ile inayobebeka na kuwekwa juu ya meza, ambayo hupokea ubao wa hadi milimita 330. Moyo wangu ulikuwa umeielekea hii ya pili kwa sababu ya upana wake, lakini juzi niliazima ya rafiki, nikaingiza ubao uliopinda kama upinde, ukatoka laini wa kupendeza, na bado umepinda vilevile. Sijui nilikosea wapi. Naomba mnielekeze kabla sijatoa fedha.

Fundi Maranda

Hukukosea popote, ndugu yangu. Mashine ilifanya kazi iliyoundiwa. Ndani ya tiknesa mna roli mbili, moja kabla ya visu na moja baada yake, ambazo hukandamiza ubao juu ya meza huku zikiuvuta. Ubao uliopinda hunyooka kwa kubanwa, hupita chini ya visu ukiwa umenyooka, na roli zinapouachia hurudia umbo lake la awali. Tiknesa haijui kunyoosha. Inachojua ni kuufanya uso wa juu ufuate uso wa chini, kwa hiyo uso wa chini ukiwa na kasoro, utapata kasoro hiyo pande zote mbili.

Anayenyoosha ni plena. Ina meza mbili: ya kuingizia, ambayo hushushwa kwa kiasi unachotaka kukata, na ya kutokea, ambayo husimama sawa kabisa na ncha ya kisu kinapokuwa juu. Hakuna roli inayolazimisha ubao, kwa hiyo sehemu zilizoinuka ndizo zinazoliwa kwanza. Utanyoosha uso mmoja hapo, kisha utaegemeza uso huo kwenye kiongozi, yaani ukuta mdogo wa juu ya meza, kilichosimama nyuzi 90 na kupiga ukingo mmoja. Baada ya hapo ndipo tiknesa inapopata pa kuegemea, na ukingo wa mwisho utaumalizia kwa msumeno.

Kwa chumba chako ningechukua mashine ya pamoja, ingawa nina manung'uniko yangu kuihusu. Meza za zile ndogo kwa kawaida hazifiki mbali zaidi ya mita moja kwa jumla, na ubao unaozidi mara mbili ya urefu wa meza ni shida kuunyoosha sawasawa. Tena, kila ukitoka plena kwenda tiknesa lazima uinue meza na ugeuze mfuniko wa maranda. Ni dakika moja au mbili tu, lakini ukisahau ubao mmoja utatukana peke yako. Dawa ni kunyoosha mbao zote za kazi nzima kwanza, ndipo ugeuze mashine mara moja.

Binti Randa

Kaka, naheshimu ushauri wa Fundi Maranda, lakini nina tiknesa peke yake mwaka wa tano sasa na mbao zangu zimenyooka. Siri ni ubao wa kubebea. Chukua kipande cha plaiwudi nene kisichopinda, kirefu kuliko mbao zako, na upigilie kijiti mbele ili mzigo usiteleze nyuma. Lalisha juu yake ubao wako, ubonyeze kila pembe kwa kidole, na popote unapocheza sukuma kabari ndogo chini yake, kisha tia tone la gundi ya moto ili kabari isihame. Kabari zisibane wala zisilegee. Zinatakiwa kuujaza uwazi tu. Chora mistari ya penseli juu ya uso wote, upitishe kwenye mashine kwa nusu milimita kila mara, na penseli ikishafutika yote ujue uso huo umenyooka. Sasa utoe kwenye kibebeo, uugeuze, na uendelee kama kawaida.

Ni kazi ya kuchosha kama una mbao 20, sikatai. Kwa mbao nne au tano za meza ndogo haiudhi, na unabaki na upana wa milimita 330, ambao katika plena unahitaji mashine kubwa ya karakana. Kingo mimi huzipiga kwa randa ndefu ya mkono, ambayo tayari unayo.

Mzee Patasi

Wote wawili wamesema kweli, mimi nitagusa yaliyobaki. Angalia mota. Tiknesa nyingi za kubebeka hutumia mota ya brashi, ambayo ni nyepesi na ina nguvu, lakini hupiga kelele za kuumiza. Bila kinga ya masikio usiiwashe hata kwa ubao mmoja. Mota ya indakshoni, isiyo na brashi, ni nzito na tulivu zaidi.

Angalia pia visu. Vile vinavyotumika pande mbili na kujipanga vyenyewe kwenye pini zake vitakuokoa na mateso ya kupima kisu kwa kisu. Kichwa chenye visu vidogo vya mraba ni bora zaidi, kwani kila kimoja kina ncha nne na huzungushwa kikibutuka, na hakinyofoi sana nyuzi za mti zinazopishana. Mvule hasa huwa na vijiwe vya chokaa ndani yake, na kijiwe kimoja chatosha kuacha mstari ulioinuka katika kila ubao utakaopitisha baadaye. Mbao zilizokwisha kutumika zikaguliwe misumari kwanza.

Maranda usiyadharau. Gunia hujaa kwa dakika chache, na mpira mwembamba wa kifyonza vumbi cha nyumbani huziba. Tafuta mpira wa milimita 100. Nawe ukichagua plena, kiganja kisipite kamwe juu ya visu, sukuma kwa vibao vya kusukumia, na usivae glavu.

Seremala wa Jumamosi

Wakubwa zangu, nimewaelewa. Nimekwenda kupima mbao zote za kazi zangu tatu zinazofuata, na ubao mpana kuliko wote ni milimita 220, mrefu kuliko wote mita 1.3. Nimeweka pia vijiti viwili vilivyonyooka kwenye ncha za kila ubao na kuvichungulia kwa usawa wa jicho, kama nilivyofundishwa zamani: mbao tisa kati ya 14 zimejisokota. Dada, kuzitilia tisa hizo kabari sitaweza. Naelekea mashine ya pamoja. Nikienda kuikagua, niangalie nini?

Fundi Maranda

Beba rula ndefu ya chuma iliyonyooka. Ilalishe juu ya meza zote mbili, ya kuingizia ikiwa imepandishwa ilingane na ya kutokea, na uchungulie mwanga chini yake, kwa urefu na kwa mshazari. Meza zisipolingana, hakuna ubao utakaotoka sawa. Kaza kiongozi kwenye nyuzi 90, kisukume kwa mkono, ukipime tena. Mwisho, omba upitishe kipande kirefu kwenye tiknesa na upapase sentimita kumi za mwanzo na za mwisho. Ukikuta kibonde kidogo usiikatae mashine kwa hilo, kwani nyingi hung'ata ncha. Inua kidogo ncha ya nyuma ubao unapoingia, na ncha ya mbele unapotoka, na ukate mbao zako ndefu kuliko kipimo. Kibonde kirefu, ambacho hakiondoki hata ubao ukishikiliwa vizuri, kiache hapohapo dukani pamoja na mashine yake.