Tupeane uzoefu: ni kitu gani kidogo cha kila siku kilikupunguzia kuelemewa na malezi?

Habari zenu wapendwa. Nina watoto wawili, mkubwa ana miaka mitatu na nusu, mdogo miezi minne. Kuna kipindi nilikuwa naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Hakuna kazi moja niliyoweza kusema hii ndiyo nzito, ila zote zilinijaa kichwani kwa mpigo: tarehe ya chanjo, viatu vya mkubwa vinavyombana, nguo zilizolowekwa tangu jana. Nanyonyesha huku nahesabu.

Nikaanza kuandika. Usiku wakishalala nachukua daftari, namwaga kila kinachonizunguka kichwani, kisha napigia mstari mambo mawili tu ya kesho. Yaliyobaki yanalala humo karatasini. Siku mbaya kabisa naandika neno moja na kufunga, na hiyo nayo naihesabu. Nyie wenzangu mlifanyaje?

Mama wa mapacha
Dada, umenigusa. Wangu walikuwa wakilia kwa zamu, na wiki ya sita ndiyo iliyonivunja. Muuguzi alinieleza kwamba kilio cha watoto wachanga mara nyingi hufika kileleni karibu na wiki ya 6, kisha hupungua taratibu hadi mwezi wa 3 au wa 4. Kujua tu kwamba kina mwisho kulinipa pumzi.

Akaniambia jambo jingine ambalo naomba kila mama alisikie. Ukihisi hasira inakupanda na mikono inatetemeka, na umeshahakikisha mtoto ameshiba, ni mkavu na hana homa, mlaze chali kitandani kwake pasipo na mito wala mablanketi, toka chumbani dakika chache. Kulia kidogo peke yake hakumdhuru. Kutikiswa kunamdhuru, hata mara moja.

Basi nikafanya desturi. Nawalaza, naenda bafuni, nafungulia maji ya baridi yanipite kwenye viganja mpaka kwenye viwiko, najifuta kwa taulo langu mwenyewe nililolitundika nyuma ya mlango. Natoa pumzi ndefu mara kumi. Narudi. Mara nyingi bado wanalia, lakini anayewainua si yule aliyewalaza.

Mama wa binti mmoja
Mimi ni maji ya kunywa. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24, kwa hiyo sikuhitaji kengele ya kunikumbusha: chupa ilikaa pale ninaponyonyeshea, akinyonya nami nakunywa. Maumivu ya kichwa ya kila jioni yalipungua sana. Na simu nikaihamishia sebuleni usiku.

Mama wa watatu, nimeajiriwa
Naomba nitofautiane kidogo na mleta mada, kwa upendo. Nami niliandika orodha, na orodha ikanionyesha kwamba kila kitu ni changu. Mume wangu si mvivu, ila alikuwa akiuliza, "Nikusaidie nini?" Kulijibu swali hilo nako ni kazi! Lazima ufikirie wewe, upange wewe, umwelekeze, umkumbushe.

Tulikaa tukaongea, tukakubaliana kuwa kuogesha jioni ni kwake toka mwanzo hadi mwisho. Taulo, mafuta, nguo za kulalia, kujua sabuni inakaribia kuisha, yote yake. Siku za kwanza nilisimama mlangoni nikiona anavyosahau kukausha nyuma ya masikio, nikajizuia kusema. Siku ya nne alikausha mwenyewe. Sasa wakiwa bafuni mimi nakaa chini, miguu juu ya stuli, na sigusi chochote. Dakika ishirini hizo zimeniokoa kuliko mpangilio wowote niliowahi kuuandika.

Mama wa kijana wa miezi kumi
Nimesita kuandika. Mimi vitu hivi vidogo vilinishinda vyote. Daftari, maji, kutembea, nilijaribu nikazidi kujiona mbovu. Machozi ya siku za mwanzo baada ya kujifungua ni ya kawaida na hupita ndani ya wiki mbili hivi. Yangu yalifika wiki ya saba, na hata mtoto akilala, usingizi sikuupata.

Kliniki walinipa fomu ya maswali 10, ile ya Edinburgh ya kupima dalili za sonona baada ya kujifungua, inayotumika tangu 1987. Swali la mwisho linauliza kama katika siku saba zilizopita umefikiria kujidhuru. Nilishika kalamu muda mrefu. Nikajibu ukweli, na siku ileile nikapata mtu wa kuzungumza naye. Ilikuwa sonona, nikatibiwa. Kama uko hapo, dada yangu, usingoje desturi ikuponye. Nenda, au mwombe mtu akupeleke.

Nilipopata nafuu ndipo matembezi yakaanza kunifaa. Kila asubuhi nambeba hadi mwisho wa barabara na kurudi.

Mleta mada
Dada wa miezi kumi, asante kwa kutosita mpaka mwisho. Nimekusoma mara mbili.

Na wewe wa watatu, sijatofautiana nawe hata kidogo. Daftari liko mapajani sasa hivi. Mambo mawili ya kesho: viatu vya mkubwa, na kuongea na baba yao kuhusu zamu ya kuogesha.