Naomba ushauri: mkono hautulii nikipiga gitaa kwa vidole

Habari zenu wakuu. Najifunza kupiga gitaa kwa vidole: gumba linashughulikia nyuzi za besi (zile nene, wa 4 hadi wa 6), cha shahada uzi wa 3, cha kati wa 2, cha pete wa 1. Metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo) ikiwa 60 kwa dakika nakwenda vizuri. Ikifika 80, gumba likiruka kutoka uzi wa 6 kwenda wa 4, kiganja chote kinalifuata na kidole cha pete kinakosa uzi kabisa. Nimejaribu kuegemeza kidole kidogo kwenye ubao wa mbele wa gitaa. Mkono unatulia kweli, ila cha pete kinakuwa kizito, na ile sauti ya juu ndiyo naipenda kuliko zote. Niendelee kuegemeza, au niuzoeze mkono kuelea? Mliopitia hili, mlifanya mazoezi gani?