Diski ya nje ikichomekwa kompyuta inakuwa nzito, tatizo liko wapi?

Kibodi: Wakuu, naombeni ushauri. Kompyuta mpakato ya Windows 10 inafanya kazi vizuri mpaka nichomeke diski ya nje, TB 1, ya inchi 2.5. Hapo folda zinagoma kufunguka, na Task Manager inaonyesha diski iko 100% huku ikisoma KB chache tu kwa sekunde. Nikiichomoa, mambo shwari. Picha na nyaraka zilizomo sina nakala yake kwingine. Nimeambiwa niendeshe chkdsk /r, amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski. Niendeshe?

Fundi Sekta: Usiendeshe, mkuu. /r inapitia diski yote sekta kwa sekta (sekta ni kipande kidogo cha diski kinachohifadhi data), kazi ya saa nyingi, na diski inayokaribia kufa inaweza kufia hapohapo. Tena chkdsk inarekebisha orodha ya mafaili, haiokoi kilichomo. Kwanza okoa data, ukarabati baadaye.

Hiyo 100% ni muda ambao diski iko kazini, siyo wingi wa data. Ikiwa 100% na kasi ni ndogo hivyo, mara nyingi diski inarudia kusoma sehemu moja iliyogoma, na Windows inabaki inasubiri jibu. Ndiyo maana folda zinaganda.

Pakua CrystalDiskInfo, programu ya bure inayoonyesha afya ya diski. Angalia mistari 05 (sekta mbovu zilizokwisha hamishwa), C5 (zilizogoma, zinazosubiri) na C6 (zisizorekebishika), safu ya mwisho kulia. Namba hizo kwa kawaida zinaandikwa kwa mfumo wa 16, kwa hiyo 10 pale maana yake ni 16.

Waya Mfupi: Usisahau umeme. Diski ya inchi 2.5 inakula umeme wa tundu la USB lenyewe: USB 2.0 inatoa mA 500, USB 3.0 mA 900, na diski inapoanza kuzunguka inahitaji zaidi ya inapotulia. Chomeka moja kwa moja kwenye kompyuta, usipitishie kigawanyo cha USB kisicho na umeme wake, na jaribu waya mwingine mfupi. Ukisikia inagonga "tik", inazima, inaanza tena, na waya umeshabadilisha, ichomoe. Vichwa vya kusomea huenda vimeharibika, na kila ukiiwasha unazidi kuiumiza.

Tundu la USB 2.0 peke yake haligandishi kompyuta. Utapata MB 30 hadi 40 kwa sekunde, polepole lakini bila kukwama.

Nyaraka Salama: C5 na C6 zikiwa sifuri, shuku antivirusi au Windows Search inayoorodhesha mafaili. Kwenye Task Manager bofya safu ya Disk uone programu gani iko juu. Pia fungua Event Viewer, kumbukumbu za System: tukio namba 7 ni sekta mbovu, 153 ni ombi lililorudiwa.

Kibodi: Nimebadilisha waya na tundu, hali ni ileile. 05 ni 0, C5 ni 38, tukio 153 yamejaa. Haigongi.

Fundi Sekta: Hiyo 38 ni sekta 56 zilizoshindikana kusomeka. 05 kuwa sifuri kusikupe moyo: kwa kawaida diski inahamisha sekta mbovu pale inapoandikiwa, na hizi bado zinasubiri.

Kama unachohitaji ni folda chache, nakili sasa, moja moja, muhimu kwanza. Ikigoma, iache uende nyingine. Ukitaka yote, washa kompyuta kwa Linux kutoka flashi na utumie ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu. Andaa diski nyingine yenye nafasi zaidi ya TB 1, isiwe na mfumo wa mafaili wa FAT32 maana haupokei faili la GB 4 au zaidi. Tambua jina la diski mbovu kwa lsblk, amri inayoorodhesha diski, ingia kwenye folda ya ile diski nyingine isiyo mbovu, kisha:

ddrescue -n /dev/sdX nakala.img nakala.map
ddrescue -d -r3 /dev/sdX nakala.img nakala.map

Badala ya X weka herufi ya diski mbovu. Inayosomwa hutangulia, na hapo usikosee hata kidogo. Amri ya kwanza inachukua vinavyosomeka kirahisi, ya pili inarudi kwenye vilivyogoma. Usifute nakala.map, ndiyo inayoiwezesha kuendelea ilipoishia ikikatika njiani.

chkdsk utaiendesha kwenye nakala, siyo kwenye hiyo diski.