Dar – Bagamoyo – Msata – Chalinze kwa baiskeli, siku mbili: naomba ushauri

Kijana wa Tegeta:
Wakuu, habari za jioni. Masika yameisha na nyasi bado mbichi, nataka kutoka Tegeta nilale Bagamoyo, kesho yake niende Msata (kilomita 64), nikate kushoto hadi Chalinze (kama 40), halafu nirudi Dar na basi. Baiskeli ni ya mtumba, ringi inchi 26, tairi 1.95, mzigo kilo 12 kwenye keria. Tatizo ni spoku za nyuma, zimeshakatika mbili upande wa frii (upande wa mnyororo). Pia, nigeuze njia nianzie Chalinze? Na maji nibebe kiasi gani? Natanguliza shukrani.

Kusi_Kaskazi:
Usigeuze. Mwezi wa sita na wa saba ni msimu wa kusi, upepo unatoka kusini-mashariki. Kwenda Bagamoyo na Msata unakupiga mgongoni au ubavuni. Ukianzia Chalinze, hizo 64 zote utapambana nao usoni, tena mchana upepo ukiwa umeshapata nguvu.

Fundi Gololi:
Mkuu, spoku kwanza, mengine baadaye. Spoku nyingi hazikatiki kwa kukazwa mno, zinakatika kwa kulegea. Gurudumu likizunguka na mzigo juu yake, spoku inayofika chini inapungua mkazo, ikipanda inakaza tena. Iliyolegea inacheza kwenye tundu la habu (kitovu cha gurudumu) mpaka chuma kinachoka. Angalia zako: bila shaka zimekatikia pale kwenye kona karibu na kichwa, siyo katikati.

Ukibadilisha moja moja, zilizobaki zimeshachoka vilevile, zitafuata. Toa zote za upande wa frii, weka mpya, ringi isukwe na kunyooshwa. Ukimaliza, zichape kwa kidole: za upande mmoja zitoe mlio unaokaribiana. Upande wa frii mlio utakuwa mwembamba zaidi, ndivyo inavyotakiwa.

Beba tatu za kila upande, maana urefu haulingani, uzifunge kwa tepu kwenye fremu. Na beba kitoleo cha frii chenye meno yanayoingia kwenye frii yako. Bila hicho spoku ya upande ule haipiti, hata fundi awe hodari vipi. Spana kubwa utaazima njiani.

Mama Zinga:
Maji nusu lita hadi robo tatu kwa saa, mwanangu, ukinywa kidogo kidogo. Bagamoyo ondoka na lita tatu, maana bonde la Ruvu ni wazi na kivuli ni haba. Chupa moja iwe na ORS, pakiti moja kwa lita moja kamili. Madafu ni mazuri lakini chumvi yake ni ndogo, jasho linatoa chumvi nyingi. Kiwangwa kuna mananasi, ila usiyafanye ndiyo chakula. Kula ndizi mbivu au kiazi kila saa, hata kama njaa haijauma.

Kijana wa Tegeta:
Shikamoo mama, asante. Fundi, kesho naipeleka. Upepo wa tairi je?

Fundi Gololi:
Nyuma PSI 50, mbele 45, ila usizidi namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi. Tyubu ikitoboka matundu mawili sambamba, siyo mwiba, upepo ulikuwa mdogo ringi ikaibana. Kiraka: sugua, paka solusheni nyembamba, subiri dakika tano ikauke, ndipo ubandike. Ukibandika ikiwa mbichi, joto la lami litakibandua.

Dereva Mstaafu:
Msata–Chalinze ndiyo sehemu ya kuogopa, malori na mabasi mengi ya kaskazini yapo hapo. Ukiona lori linakuja mbele na honi inalia nyuma, shuka kwenye changarawe mapema. Kurudi juu, usiupande ukingo wa lami kwa mshazari mdogo, tairi litakwaruza na kukuangusha. Simama, inua baiskeli.

Kwenye buti la basi ng'oa gurudumu la mbele na pedali. Ya kushoto inafunguka kwa kuzungusha kufuata mwendo wa mshale wa saa, kinyume na nati za kawaida. Wengi wanailazimisha na kuua meno ya mkono wa pedali.