Naomba ushauri: nimechaguliwa kamati ya afya kazini, naanzia wapi?

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mtumishi hapa Dodoma, ofisi yetu iko Mtumba. Ule mwongozo wa 2014 wa kudhibiti VVU, UKIMWI na magonjwa sugu yasiyoambukiza mahali pa kazi umetolewa kabatini, na mimi nimeingizwa kwenye kamati. Nadhani ni kwa sababu ya kitambi changu. Nilipopimwa, BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) ilikuja 31, na kuanzia 30 tayari ni unene uliopitiliza.

Shida ni mazingira. Asubuhi chai ya sukari na chapati mbili, mchana chipsi mayai, jioni foleni ya daladala kurudi mjini. Siku nzima tumekaa. Kwenye vikao ndiyo usiseme: soda, sambusa, maandazi. Nikapendekeza karanga, matunda na maji, bosi mmoja akauliza kama tunalisha wagonjwa!

Ajabu ni kwamba tuko Ugogoni, penye uwele, mtama na mlenda, lakini kwa mama ntilie wetu ni sembe nyeupe tu. Nilimuuliza, akasema ugali wa uwele unabaki.

Jumamosi ya pili ya mwezi, ile ya mazoezi aliyohimiza Mama Samia 2016 akiwa Makamu wa Rais, tunajitokeza wanne, tena tukimaliza tunapitia supu na chapati.

Waliofanikiwa ofisini kwao, mlimshawishije mpishi? Na fungu la mazoezi mliliombaje kwenye bajeti? Dada zangu wa lishe, msinipite.