Jirani Mbuyuni: Sayansi ya Jumamosi

Alhamisi

19:02 Mwl. Neema: Habari za jioni wapendwa. Keshokutwa saa 3 asubuhi, barazani kwa Mama Swaumu, watoto 11. Mada ni seli na utando wake. Zinahitajika hadubini, slaidi na vifuniko vyake, vitunguu, chumvi, wembe. Iodini ninayo. Nani analeta nini? Naomba majibu LEO.

19:40 Mwl. Neema: Tiki za bluu naziona. Kusoma mnasoma.

19:44 Baba Jofu: Mara hii utaratibu ukoje? Ile ya mwisho watoto walichora mapovu ya hewa wakaandika "kiini" 😂

19:49 Mwl. Neema: Ndiyo maana nasema mapema. Unabandua ngozi laini ya kitunguu, tabaka moja tu, milimita 5 kwa 5. Unaitandaza kwenye tone la iodini isikunjike. Kifuniko kinalazwa mshazari, ukingo mmoja uguse tone kwanza, kisha unakishusha pole pole kwa sindano. Ukikiangusha bapa, hayo ndiyo mapovu yenu. Wakishaona kiini, tunapitisha maji ya chumvi slaidi ile ile waone utando ukinywea.

19:51 Mama Swaumu: Kitunguu na chumvi? Basi mimi naleta nyanya na pilipili 😋

19:52 Zai: Na ndimu

19:53 Baba Jofu: Msicheke, hilo ndilo somo lenyewe. Kachumbari ukiitia chumvi mapema, ukija kupakua inaogelea. Nje kumekuwa na chumvi nyingi kuliko ndani, maji yamezikimbia seli.

19:54 Mama Swaumu: Kumbe ilikuwa osmosisi, na mawifi wakasema sijui kupika 😭

19:55 Mwl. Neema: Jamani HADUBINI

20:10 Baba Jofu: Ninayo. Ila ile lenzi ya 40, ya kukuza mara 40, iliyorudi na mkwaruzo sijaisahau.

20:11 Mwl. Neema: Tulishaongea hayo.

20:11 Baba Jofu: Tuliongea. Haikulipwa.

20:13 Zai: *Ujumbe huu umefutwa*

20:15 Zai: Sikuwa peke yangu siku ile. Ntaishia hapo.

Ijumaa

05:48 Mzee Salehe: Assalaam aleykum. Nimesoma yote.

Mwalimu, iodini na chumvi msivitie slaidi moja. Iodini inaua seli, na utando wa seli iliyokufa hauchagui tena: chumvi inaingia tu, hakuna kitakachonywea. Watoto watakodoa macho robo saa bure. Fanyeni slaidi mbili. Ya iodini ni ya kuonyesha kiini na ukuta. Ya pili iwe seli hai, kwa tone la maji matupu.

Hiyo ya pili tumieni kitunguu chekundu, ngozi ya upande wa nje wa gamba, ile ya zambarau. Ya upande wa ndani haina rangi, haitawasaidia. Rangi imo ndani ya vakuoli, ule mfuko mkubwa wa maji ndani ya seli, kwa hiyo seli ikipoteza maji mtaiona ikijikusanya na kuuacha ukuta. Chumvi gramu 5 kwa mililita 100 za maji, kijiko kimoja cha chai cha kusawazisha. Tone moja ukingoni mwa kifuniko, karatasi ya choo ukingo wa pili ivute. Ni dakika chache. Kisha vuteni maji matupu kwa njia hiyo hiyo, zitajaa tena. Zikikaa mno kwenye chumvi zinakufa, hazirudi.

Wala msimwambie mtoto kuwa anauona utando. Unene wake ni nanomita 7 au 8. Hadubini ya mwanga haitenganishi vitu vilivyo karibu chini ya nanomita 200 hivi. Anachoona ni mpaka ambapo rangi inaishia. Utando wenyewe ni safu mbili za mafuta zilizopachikwa protini. Maji hupita upesi, chumvi inahitaji mlango wa protini.

Na lenzi: anzeni na ya 4, kisha 10. Mkifika 40, skrubu ndogo ya kulenga peke yake. Aliyekwaruza na aliyeazima bila kuelekeza, nimewasikia wote wawili. Yaishe.

06:20 Mwl. Neema: Shikamoo mzee. Nimepokea, slaidi mbili.

06:31 Mzee Salehe: Marahaba.

09:37 Baba Jofu: Shikamoo mzee.

11:17 Zai: Shikamoo babu 🙏

13:05 Mama Swaumu: Swaumu anauliza, watachora na mitokondria, zile za kuipa seli nguvu? Kitabuni ni kubwa kama maharage.

13:09 Mwl. Neema: Kwa iodini na hadubini yetu haitaonekana. Raibosomu ndiyo kabisa, hiyo ni ya hadubini ya elektroni. Kloroplasti, vile vipunje vya kijani, nazo hazimo, magamba ya kitunguu hayapati mwanga. Atakayechora asichokiona namkata maksi.

13:10 Mwl. Neema: Baba Jofu, hadubini inakuja?

18:22 Kaka Hamisi: Habari za humu. Ni Jumamosi hii au ijayo?

18:40 Mama Swaumu: Vitunguu vyekundu nimepata kilo mbili. Na nyanya 😁

21:03 Baba Jofu: Inakuja. Ufunguo wa sanduku lake anao Zai tangu siku ile.

21:04 Mwl. Neema: Zai?

21:30 Mwl. Neema: Zai??