Mjadala: Anayetoa msaada apunguziwe kodi?

Mleta mada

Wakuu, nchi nyingi humpa nafuu ya kodi mtu aliyechangia taasisi ya hisani. Kiasi alichotoa kinaondolewa kwenye kipato chake kabla kodi haijakokotolewa. Sina ugomvi na kutoa. Ninachogombana nacho ni hesabu.

Chukueni watu watatu, kila mmoja amechangia 100 kwenye kituo kilekile cha yatima. Wa kwanza ni tajiri, sehemu ya juu ya kipato chake hutozwa asilimia 40. Kodi yake inashuka kwa 40, kwa hiyo msaada umemtoka 60 tu. Wa pili hutozwa asilimia 10, umemtoka 90. Wa tatu kipato chake hakifiki hata kiwango cha kutozwa, naye pengine ndiye aliyejinyima zaidi. Huyo imemtoka 100 yote. Kituo kimepokea sawasawa kwa kila mmoja, ila hazina imemshika mkono mwenye nacho. Ile 40 ingeingia kwenye mfuko wa wote. Nafuu iwe sawa kwa kila mtoaji, la sivyo ifutwe.

Mchangiaji wa kwanza

Umeanza hesabu katikati, mkuu. Kodi ya mapato inafaa itozwe kwa kile ambacho mtu amebaki nacho atumie. Aliyepata 100 akaitoa yote hajala kitu, sasa unamtoza nini? Tajiri anaokoa asilimia 40 kwa kuwa asilimia 40 ndiyo angelipa. Anapoilipa mbona hamsemi ameonewa?

Halafu tazama nafuu hii ilikotoka. Marekani waliiweka mwaka 1917, walipopandisha kodi za matajiri ili kugharamia vita. Walihofia kwamba vyuo na hospitali zinazoishi kwa michango zingekauka. Tena wakaweka kikomo: isizidi asilimia 15 ya kipato.

Mchangiaji wa pili

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Anayengoja apunguziwe kodi ndipo atoe, huyo ni mfanyabiashara. Futeni.

Mchangiaji wa tatu

Mimi kazi yangu ni kujaza ritani (fomu za kodi) za watu, niwaambie kinachotokea mezani. Wengi huja wakiamini kwamba wakitoa 100 watarudishiwa 100. Wengine wamempa jirani aliyeunguliwa na nyumba, wakashangaa kwamba haihesabiki: katika nchi nyingi lazima mpokeaji awe taasisi inayotambuliwa kisheria, na risiti iwepo. Umenunua tiketi ya hafla ya hisani kwa 100 na chakula ulichokula kina thamani ya 40? Msaada wako ni 60. Marekani wakaguzi hawacheki na hilo, na mchango unaofika dola 250 lazima uwe na barua ya taasisi.

Kubwa zaidi ni kwamba watoaji wengi walikuwa hawadai chochote. Hukohuko Marekani mlipakodi huchagua: aorodheshe makato yake moja moja, au achukue punguzo la jumla ambalo kila mtu hupewa. Hadi 2025, aliyechukua la jumla kwa kawaida hakuweza kudai nafuu ya mchango wake. Sheria ya 2017 ilikaribia kuliongeza mara mbili hilo la jumla, na wanaoorodhesha wakashuka kutoka kama asilimia 30 hadi kama 10. Waliobaki wakiorodhesha ni wenye vipato vikubwa zaidi. Hapo mleta mada yuko sahihi kuliko anavyojua.

Mchangiaji wa nne

Kumbukeni kanisa la Notre-Dame lilipoungua Paris, Aprili 2019. Matajiri wakaahidi mamilioni, watu wakauliza hapohapo: kiasi gani kitalipwa na serikali kupitia nafuu ya kodi? Familia ya Pinault, iliyoahidi euro milioni 100, ikatangaza kwamba haitaidai. Kama nafuu hiyo haina shaka yoyote, kwa nini waone haya kuidai?

Mchangiaji wa kwanza

Kuona haya mbele ya kamera si hoja ya kodi.

Mleta mada

Nirudi kwa "hajala kitu". Kwa anayelisha wenye njaa nakubali. Lakini anayejenga jengo la chuo, jina lake likaandikwa ukutani, amekula heshima. Hilo si kosa, ila walipakodi wengine wasimlipie sehemu ya bango. Tena yeye ndiye anayeamua fedha hiyo iende wapi. Mimi kodi yangu huamuliwa na bunge.

Njia zipo. New Zealand mtoaji hurudishiwa theluthi moja ya alichotoa, awe wa kipato gani. Uingereza tangu 1990 nafuu huenda kwa taasisi yenyewe: ukiipa pauni 100, inadai 25 serikalini. Ubaya ni kwamba mwenye kiwango cha juu cha kodi bado anaruhusiwa kudai tofauti yake mfukoni.

Mchangiaji wa tatu

Niongeze hapo. New Zealand huwezi kudai kwa michango inayozidi kipato chako kinachotozwa kodi. Na Uingereza, mtu akitia sahihi tamko la kuiruhusu taasisi idai ilhali kodi aliyolipa mwaka huo haitoshi kufidia ile 25, anaweza kudaiwa yeye. Kwa hiyo yule wako wa tatu, asiyetozwa kodi, hapati nafuu, na akijaza fomu bila kuelewa anaweza kuletewa deni.

Mleta mada

Basi serikali iongeze asilimia ileile juu ya kila mchango, bila kuuliza mtoaji amelipa kodi kiasi gani.

Mchangiaji wa kwanza

Hiyo si nafuu ya kodi tena, ni ruzuku. Itabidi iombewe fedha kwenye bajeti kila mwaka, ipigiwe kura, na wabunge waanze kuuliza ni taasisi zipi zinastahili.

Mleta mada

Ndicho ninachotaka. Waulize.